Dharamshala na McLeod Ganj

Dharamshala ni mji wa milimani katika wilaya ya Kangra, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, kwenye mteremko wa kusini wa safu ya Dhauladhar katika Himalaya. Sehemu ya chini, yenye soko na ofisi za serikali, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Ya juu, McLeod Ganj, inakaribia mita 2,000, na ndiyo inayovuta wageni wengi kwa kuwa ndiko anakoishi Dalai Lama wa 14, Tenzin Gyatso. Mji huu umezoeleka kuitwa Lhasa Ndogo, jina linalomfanya mgeni atarajie kipande cha Tibet ya kale kilichohifadhiwa kama kilivyokuwa. Tarajio hilo linapotosha. Sura ya Kitibeti ya McLeod Ganj ni kazi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1960, na thamani yake imo katika kazi hiyo. Anayekuja kutafuta ukale atayapita yaliyo bora.

Historia ya mahali inathibitisha jambo hilo. Waingereza waliweka hapa kambi ya jeshi katikati ya karne ya 19, na mtaa wa juu ukapewa jina la Donald McLeod, aliyekuwa Luteni Gavana wa Punjab. Gavana Mkuu wa India, Lord Elgin, alifariki hapa mwaka 1863 na kuzikwa penye kanisa la St John in the Wilderness, ambalo bado lipo. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la ardhi liliua watu wapatao 20,000 katika bonde la Kangra na kuubomoa mji, na McLeod Ganj ikafifia. Machi 1959 Dalai Lama aliikimbia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, wakati wa uasi dhidi ya utawala wa China. Akakaa kwanza Mussoorie, kisha mwaka 1960 serikali ya Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, ikampa makao Dharamshala. Wakimbizi Watibeti waliomfuata walilazimika kuanza karibu na sifuri.

Walichokianza kinaonesha walichokithamini. Mwaka huohuo wa 1960 kilifunguliwa kituo cha malezi ya watoto 51 kutoka kambi za Watibeti waliokuwa wakijenga barabara, na hapo ndipo ulipotoka mtandao wa shule za Tibetan Children's Village. Mwaka 1961 chuo cha tiba na unajimu, Men-Tsee-Khang, kilianzishwa upya; mwaka 1970 ikafuata maktaba ya maandiko na nyaraka za Tibet. Hekalu kuu, Tsuglagkhang, ni jengo la kisasa lisilo na mapambo mengi kwa nje. Ndani yake imo sanamu ya Chenrezig, ambaye kwa Wabudha wa Tibet ni sura ya huruma, nayo inahifadhi mabaki ya sanamu ya hekalu la Jokhang, Lhasa, yaliyookolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China.

Pingamizi la kwanza ni kwamba vyote hivi ni nakala, na asili imebaki Tibet. Pingamizi hilo linachukulia kwamba mapokeo hukaa katika kuta. Mafundisho ya Kibudha ya Tibet hupokewa na mwanafunzi kutoka kwa mwalimu aliyeyapokea kwa mwalimu wake, na mnyororo huo haukukatika ulipovuka mpaka. Watawa wanaojadiliana kwa sauti na kupiga makofi kila hoja inapotolewa wanaendeleza elimu yenyewe. Pingamizi la pili, kwamba biashara ya utalii imeuharibu mji, lina ukweli: mikahawa na maduka ya vikumbusho yamejaa kandokando ya njia. Hata hivyo soko linaweza pia kulisha ufundi. Katika Taasisi ya Norbulingka, iliyoanzishwa mwaka 1988 huko Sidhpur, wanagenzi hujifunza kuchora thangka, yaani picha takatifu za Kibudha, na kuchonga mbao, na kazi zao huuzwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kuwatazama Watibeti peke yao ni kuwasahau wenyeji. Wafugaji wa Kigaddi na Wahindu wa Kangra walitangulia, na hekalu la Shiva huko Bhagsu ni lao. Lakini ushahidi wa wenyeji unaitia nguvu hoja kwamba thamani imo katika kazi ya kujenga. Hekalu la Brajeshwari mjini Kangra, ambako Mahmud wa Ghazni aliteka hazina mwaka 1009, lilianguka katika tetemeko la 1905 na likajengwa tena. Mahujaji bado wanamiminika. Katika bonde hili utakatifu umewategemea wanaojenga upya kuliko mawe ya zamani.

Kwa hiyo ziara yenye manufaa, ambayo ni bora ifanyike Machi hadi Juni au Septemba hadi Novemba ili kuepuka mvua kubwa za Julai na Agosti, iipe maktaba na Norbulingka muda sawa na hekalu. Mgeni apite njia ya sala inayolizunguka hekalu akiwa na hekalu upande wa mkono wake wa kulia, kama wanavyofanya waumini. Mwaka 2011 Dalai Lama alikabidhi mamlaka ya kisiasa kwa kiongozi aliyechaguliwa kwa kura. Jamii inayojiandaa hivyo kudumu bila kumtegemea mtu mmoja inastahili kutazamwa kama mjenzi, na mgeni anayeitazama kama masalio anaikosea haki.