Kwa nini chuoni mradi wa programu hufanywi peke yako

Leo tupige historia kidogo.

Wanafunzi wa kompyuta huniuliza: kwa nini chuo kinatulazimisha kufanya mradi kwa kikundi na kugawana maksi, wakati programu yote naiweza peke yangu? Swali ni la haki. Jibu lake lina zaidi ya nusu karne.

Oktoba 1968, wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO. Programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikila pesa kupita makadirio na kujaa kasoro. Mkutano huo ndio uliolipa nguvu jina "uhandisi wa programu".

Mwaka 1975, Fred Brooks, aliyekuwa amesimamia OS/360 ya IBM, alichapisha kitabu chake maarufu. Alisema mradi uliochelewa ukiongezewa watu huzidi kuchelewa. Hesabu ni nyepesi: watu 4 wana njia 6 za kuwasiliana wawili wawili, watu 10 wana 45. Brooks mwenyewe alifundisha somo hili Chuo Kikuu cha North Carolina zaidi ya mara 20, wanafunzi wakiwa katika timu, nyingine ndogo hata za watu wanne.

Kwetu Afrika Mashariki, mfano ninaoupenda ni Kilinux. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiendi bila istilahi. Mmoja akiandika "faili" na mwenzake "jalada", mtumiaji atadhani ni vitu viwili.

Hapa Bodo, vyombo vinakovuka kwenda Funzi, mabaharia hawaanzi kuulizana maana ya "goshini" na "demani" tanga likiwa limeshajaa upepo. Maneno hukubaliwa pwani.

Basi wanafunzi, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, kaeni mkubaliane maneno. "Mteja" ni anayelipa au anayetumia? "Imekwisha" maana yake imeandikwa, au imeandikwa na kujaribiwa? Kuandika programu utajifunza hata peke yako chumbani. Kukubaliana, huwezi kujifunza bila wenzako, na ndicho chuo kinachokupimia maksi.

Nyinyi vikundi vyenu vilikwama wapi? Karibuni kwa maoni.