Mfupa wa Ishango na Namba 168

Pale ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward, upande wa Kongo, pana mahali paitwapo Ishango. Hapo, mwaka 1950, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, alifukua mfupa wa sentimita 10 hivi, uliotiwa kijiwe kikali nchani. Mtu fulani wa kale, katika jamaa ya wavuvi waliokaa ukingoni, alikuwa ameukata mikato mingi katika safu tatu. Siku hizi mfupa huo hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, nao umehifadhiwa Brussels.

Safu moja ina mafungu manne ya mikato: 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya hizo jumla yake ni 60. Ya tatu ni 48. Zote pamoja 168.

Nilipoziandika zile nne za kwanza ubaoni hapa Kangeta, mwanafunzi mmoja aliruka kitini. "Mwalimu, hizo zote ni namba tasa!" Alisema kweli. Namba tasa ni ile izidiyo 1, isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Na kati ya 10 na 20 hakuna nyingine ila hizo nne. (Jina hilo la tasa hunichekesha, maana namba nyingine zote hupatikana kwa kuzizidisha hizo, kumbe hao tasa ndio wazazi.)

De Heinzelin mwenyewe, alipoandika habari za mfupa huo mwaka 1962, alidokeza kwamba huenda mchongaji alizijua namba tasa. Darasa lilifurahi mno: Waafrika waliwatangulia Wayunani kwa maelfu ya miaka! Iliniuma kuwapunguzia furaha ile, lakini mwalimu wa hesabu hana budi kudai ushahidi. Azijuaye namba tasa sharti ajue kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya popote. Mwuza miraa wa soko letu akitia alama moja kwa kila kibunda, akaishia 13, hakukusudia namba tasa. Mzigo umekwisha, basi. Naye Alexander Marshack, Mmarekani, aliona katika mikato hiyo hesabu ya mwezi, kwa kuwa 60 yakaribia siku za miezi miwili ya mwandamo.

Nikawapa kazi: watafute namba tasa zote zilizo chini ya 1000, kwa njia ya Eratosthenes, Myunani wa kale. Huandikwa namba zote kuanzia 2, kisha hufutwa zigawanyikazo kwa 2, isipokuwa 2 yenyewe. Halafu kwa 3, kwa 5, na kuendelea hadi 31. Zinazosalia ndizo tasa.

Jioni waliniletea jibu: 168. Jumla ile ile ya mfupa!

Nikawauliza kama mchongaji wa Ishango alizijua zote hizo, hata 997. Hakuna aliyethubutu kuitikia. Yule aliyeruka kitini alisimama polepole, akaenda ubaoni, akazitazama tena 11, 13, 17 na 19.