Jina la Watawa na Wanunuzi wa Pamba

Mhindu wa Gujarat aliyefika Mwanza kununua pamba ya Usukuma alikuja kutafuta mali. Lakini dini yake yawatukuza walioiacha. Mapokeo yasema kwamba Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, aliwapanga watawa katika matawi kumi, kila moja na jina lake: Giri ni mlima, Aranya ni mwitu, Sagara ni bahari. Mtawa hulipokea jina hilo baada ya kuacha nyumba na ukoo.

Tawi la Saraswati ndilo alilojiunga nalo Dayananda, mzaliwa wa Gujarat, aliyeanzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875. Chama hicho hakikumtaka mwenye duka aache dunia. Kilimtaka asome Veda, aache sanamu, ajenge shule. Kiliundwa Nairobi mwaka 1903, miaka miwili baada ya reli kufika Kisumu, bandari ya meli ziendazo Mwanza.

Basi jina la walioacha mali lilivushwa bahari na walioitafuta. Wala si ajabu: tangu kale mtawa hula sadaka, na sadaka hutoka mkononi mwa mwenye nyumba.