Kupikia watu wengi Kiringye: toka mafiga mengi hadi sufuria moja

Mtu akifariki hapa kwetu Kiringye, jua halijazama bado watu wameisha kujaa uwanjani. Mwenye kilio hawezi kuwaza chakula. Anayewaza ni mama jirani. Sisi tuliokomalia kwenye barabara hii ya Uvira na Bukavu tumekula kwenye matanga mengi na ndoa nyingi, na siku zingine tumerudi nyumbani na njaa.

Desturi ya wazee ilikuwa hii: hapakuwa na sufuria ya watu mia. Kila mama alisonga bugali nyumbani kwake, kwa unga wake, akaileta imefunikwa na majani ya ndizi. Mwingine alileta maharagi, mwingine sombe, mwingine ndagala kutoka ziwani. Bugali ya mmoja ikitoka mbichi, ilijificha kati ya zile nzuri, na kicheko kilibakia kati ya bamama wenyewe.

Bugali hiyo haikuwa ya muhogo tangu zamani. Muhogo, mahindi na maharagi vilitoka Amerika. Muhogo uliletwa na Wareno kwenye pwani ya Atlantiki katika karne ya 16, ukaingia ndani polepole. Kabla yake watu walisonga mtama na ulezi. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwezi wa 4 mwaka 1858, Burton aliandika kwamba nafaka ilikuwa kati ya vitu vilivyopatikana huko kwa bei ndogo. Mpunga nao ulienezwa Maniema na wafanyabiashara wa pwani katika karne hiyo ya 19. Leo unalimwa katika bonde letu la Ruzizi, Kiringye na Luberizi, na kiwanda cha pombe cha Bukavu kimewahi kuununua. Ndiyo kusema mchele wetu mwingine tuliunywa!

Sufuria kubwa ilizoeleka kwenye kambi za wafanyakazi, misioni na shule. Tena vita ya mwezi wa 10 mwaka 1996 ilikimbiza watu wengi wa Uvira na Fizi hadi Tanzania, wengine kwenye kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo, na chakula kikawa cha kugawiwa. Lakini aliyeleta sufuria kubwa katika nyumba zetu ni wali wa ndoa. Mgeni wa ndoa anataka wali, na wali hauletwi kidogo kidogo toka nyumba ishirini, unapoa.

Hapo ndipo shida ilianza. Tunakumbuka ndoa moja ambapo mama mpishi, mtu hodari sana nyumbani kwake, alipewa gunia la kilo 25. Alipima kama alivyozoea: kopo moja la Guigoz la mchele, makopo mawili ya maji. Hesabu ilikuwa sawa, ila sufuria haikuwa ile ya nyumbani. Katika sufuria ndogo maji mengi yanapotea kwa mvuke. Katika kubwa, mdomo ni mdogo ukilinganisha na wingi wa chakula, mvuke unaotoka ni kidogo, na maji yanabakia. Tena moto wa kuni unapiga chini tu. Chini wali uliungua, katikati ukawa uji, juu ukawa mbichi. Na mtoto anakuja mbio: «Mama, batu ya bwana arusi bamefika!» Mama akajibu bila kugeuka: «Bape kwanza chai.»

Alivyookoa wali ule, tulijifunza. Hakukoroga, maana ukikoroga harufu ya kuungua inapanda kote. Aliuchota wa juu, akautia katika sufuria zingine tatu, akatoa kuni, akabakiza makaa, akafunika na majani ya ndizi, na juu ya kifuniko akapanga makaa mengine. Watu walikula karibu saa kumi. Wakwe walisifu nyama, juu ya wali hawakusema neno.

Kosa la wali ni haya tu. La muhogo ni lingine. Muhogo mchungu una sumu, sayanidi, na inatoka kwa kuloweka siku tatu ao ine, kisha kuanika. Kilio hakingoji siku ine. Kwenye matanga moja, unga uliisha usiku wa pili, wakatwanga muhogo uliolala maji usiku mmoja tu. Asubuhi watu walitapika na kushikwa na kizunguzungu. Wanaokula muhogo wa namna hiyo wiki nyingi, bila samaki wala maharagi ya kutosha, wanaweza kupata konzo: miguu inalemaa kwa ghafula na haiponi. Daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, na wagonjwa wamepatikana hata katika jimbo letu la Kivu ya Kusini. Vita na njaa ndivyo vinafanya watu waharakishe muhogo. Zamani kila mama alijua unga wake umepita wapi. Katika sufuria moja unga wa nyumba kumi unachanganyika, na hakuna anayejua.

Mama yule wa wali anaitwa bado kwenye vilio vyetu. Hapimi tena kwa mazoea. Anakaa karibu na mlango wa jikoni, na kila anayeleta unga anamuuliza: «Dada, huu ulilala maji siku ngapi?» Anayejibu polepole, unga wake unawekwa pembeni, kwa heshima, nyuma ya kuni.