Picha tatu ndani ya picha moja: historia ya chaneli za rangi na faida yake kwetu

Mara hii naacha mbegu na mbolea kidogo. Nataka tuongee juu ya rangi. Siyo rangi ya kupaka nyumba, ni rangi ya picha tunazopiga kila siku na telefone. Historia yake iko na miaka zaidi ya 160, na njia yake inafika mpaka kwenye mashamba na misitu yetu. Juu ya ile, naomba mwana-agronomia, mwana-sheria na hata mwenye kusoma uchumi, wote tuifuate pamoja.

Jambo lenyewe ni hili: kila picha ya rangi ni picha tatu zisizo na rangi, zimepangwa moja juu ya ingine. Fungua picha yoyote ku ordinatere na Photoshop, kisha tafuta dirisha la chaneli (kwa Kifaransa wanaandika «couches»). Utakuta nyekundu, kijani na bluu. Bonyeza ile nyekundu peke yake. Wengi wanashangaa hapo, sababu hawaoni nyekundu, wanaona picha ya kijivu, sawa zile za ndoa ya babu zetu. Kama hauna Photoshop, GIMP iko ya bure: pita kwa «Couleurs», «Composants», «Décomposer», utapata zile picha tatu za kijivu.

Ile kijivu ni kipimo. Inasema ni mwanga mwekundu kiasi gani ulifika pahali pale. Panapong'aa, ulikuwa mwingi. Penye giza, ulikuwa kidogo ao hakuna. Ordinatere inaandika kipimo kile kwa namba, kuanzia 0 mpaka 255, kwa kila chaneli. Shati jekundu linang'aa ndani ya chaneli nyekundu na linakuwa giza ndani ya zile mbili zingine. Ukuta mweupe unang'aa kwa zote tatu. Na manjano? Ni nyekundu 255, kijani 255, bluu 0. Fundi wa kupaka rangi atakataa, na kwa kopo zake ako na haki. Lakini mwanga una sheria yake: ukiongeza mwanga juu ya mwanga unaelekea kwenye weupe, ila ukiongeza rangi ya kopo juu ya ingine unaelekea kwenye giza. Ngazi 256 mara 256 mara 256 zinatoa rangi 16,777,216. Zote zinatoka kwa picha tatu za kijivu.

1. Kwa nini tatu?

Sababu iko ndani ya macho yetu. Mwaka wa 1802 Mwingereza Thomas Young aliandika kama jicho halihitaji chombo kwa kila rangi, linahitaji aina tatu tu za kupokea mwanga. Miaka ya 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliendeleza wazo lile. Aliyelionyesha mbele ya watu ni Mskoti James Clerk Maxwell, tarehe 17 Mei 1861, ku Royal Institution ya London.

Alifanya hivi: mpiga picha Thomas Sutton alipiga picha za utepe wa kitambaa cha Kiskoti chenye mistari. Alipiga mara moja kupitia kioo chekundu, mara moja kupitia cha kijani, mara moja kupitia cha bluu. Picha zote zilitoka bila rangi. Kisha Maxwell alizirusha kwa pamoja ukutani na taa tatu, kila moja ikipitia kioo cha rangi yake. Utepe ukatokea na rangi zake. Ile siku chaneli tatu zilionekana kwa mara ya kwanza, miaka mingi mbele ya ordinatere.

Kuna siri moja ndani ya jaribio lile. Dawa ya picha ya wakati ule ilikuwa karibu kipofu kwa mwanga mwekundu. Sasa ile picha ya kioo chekundu ilitoka namna gani? Jibu lilipatikana miaka mia moja nyuma, mwaka wa 1961, kwa watafiti wa Kodak: sehemu nyekundu za kitambaa zilirudisha pia miale ya ultraviyole, ile macho hayaoni, na miale ile ilipita kwenye kioo ikaandika picha. Kwa hiyo Maxwell alikuwa na haki juu ya rangi, lakini chaneli yake nyekundu ilikuwa inapima kitu kingine. Mukumbuke jambo hili, sababu litarudi. Ni mwaka wa 1873 tu njo Mjerumani Hermann Vogel aligundua namna ya kuchanganya dawa na rangi fulani ili ianze kuona mwanga wa kijani, na kazi ile ilifungua njia ya kufikia nyekundu.

2. Mrusi mwenye vioo na Wafaransa wenye viazi

Kama unataka kuelewa chaneli na mikono yako, tafuta picha za Sergei Prokudin-Gorskii. Alikuwa mwana-kemia wa Urusi. Kati ya 1909 na 1915 alizunguka ufalme wa Tsar Nicholas II, mwenyewe Tsar akimpa ruhusa na behewa la treni lenye chumba cha giza. Alipiga kila picha mara tatu juu ya bamba moja la kioo: bluu juu, kijani katikati, nyekundu chini. Mwaka wa 1948 Library of Congress ya Marekani ilinunua mabamba yale kutoka kwa familia yake, na leo yako kwa intaneti, bure.

Chukua bamba moja, kata zile picha tatu za kijivu, weka kila moja ndani ya chaneli yake. Watu waliokufa zamani wanatokea na nguo zao za rangi, sawa walipigwa jana. Utaona pia maji ya mto yana madoa ya rangi za ajabu, na mtoto aliyetikisika ana kivuli chekundu na kingine cha bluu. Ni juu picha tatu hazikupigwa kwa dakika moja. Kitu kilichosimama kinakuwa sawa ndani ya chaneli zote, kilichotembea kinaachana. Mwenye kufanya zoezi hili mara moja hatasahau tena chaneli ni nini.

Mwaka wa 1907 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walitoa sokoni njia ya kupiga mara moja tu. Na hapa sisi wa agronomia tunaweza kutembea kifua mbele: walitumia wanga wa viazi! Chembe ndogo sana za wanga zilitiwa rangi ya machungwa, kijani na urujuani, zikachanganywa, zikapakwa juu ya kioo. Kila chembe ikawa kioo kidogo cha rangi.

Wazo lile halikufa. Mwaka wa 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya mpango wa kupanga vioo vidogo vya rangi mbele ya kipokea-mwanga cha elektroniki: viwili vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha bluu. Kijani ni mara mbili sababu jicho letu linapata sehemu kubwa ya habari zake kutoka kwa mwanga ule. Telefone nyingi tuko nazo mfukoni zinatumia mpango ule ao mwenye kuufanana.

Kuhusu programu yenyewe, Thomas Knoll alianza kuiandika mwaka wa 1987, akiwa mwanafunzi wa doktora ku Chuo Kikuu cha Michigan, ili ekra yake iweze kuonyesha picha za kijivu. Ndugu yake John alimusukuma waiendeleze, na Photoshop ya kwanza ilitoka na Adobe mwezi wa pili 1990.

3. Wakati chaneli zilipanda mbinguni

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani walirusha satelite ambayo leo inaitwa Landsat 1. Ndani yake kulikuwa chombo kilichochorwa na injenia mwanamke, Virginia Norwood. Kilipima dunia kwa chaneli nne: kijani, nyekundu, na mbili za infraruji, yaani mwanga ulio nyuma ya nyekundu, ule macho hayaoni.

Kwa nini infraruji? Waulize majani. Klorofili inakula mwanga mwekundu na wa bluu, inaacha sehemu ya kijani. Lakini infraruji ya karibu, jani lenye afya linairudisha kwa nguvu, juu ya namna chembe zake zimejengwa ndani. Jani likigonjwa ao likikauka, nyekundu inapanda na infraruji inashuka. Kwa hiyo watafiti wanachukua infraruji, wanatoa nyekundu, kisha wanagawanya kwa jumla ya zote mbili. Kipimo kile kinaitwa NDVI. Kinakaa kati ya -1 na 1, na shamba lenye majani mengi na mazima linakaribia 1.

Sasa shida: ekra iko na taa tatu tu, na infraruji haiko na rangi. Basi wanahamisha. Infraruji inawekwa ndani ya chaneli nyekundu, nyekundu ndani ya kijani, kijani ndani ya bluu. Matokeo yake, msitu mzima mwenye nguvu unatokea mwekundu.

Hapa njo sababu niliandika haya yote. Nilikuwa ndani ya mkutano mmoja kijijini, huku Kivu Kusini. Watu wa mradi fulani walileta karta ya satelite, wakaibandika ukutani. Mzee mmoja akasimama akauliza: «Nani alichoma pori yetu yote hii?» Mwenye kuonyesha alisema tu: «Mzee, usiangalie rangi, angalia mpaka.» Wakaendelea. Jioni karatasi ya mipaka ilitiwa sahihi, na wengi waliotia sahihi waliamini kama ile nyekundu ilikuwa moto. Kumbe ilikuwa sehemu nzuri zaidi ya msitu wao.

Yule mzee aliuliza swali lenye haki. Tangu Maxwell, chaneli ni namba tu. Rangi yake inachaguliwa na mtu. Hata Maxwell mwenyewe alikuwa na chaneli iliyoitwa nyekundu na ikabeba ultraviyole. Misitu ya Kongo inapimwa kwa picha hizi, na mipango inajengwa juu yake. Swali la kwanza ya kuuliza mbele ya karta yoyote liwe: nyekundu hii imebeba nini? Na kijani? Na bluu? Mwenye kuleta karta akishindwa kujibu, sahihi ingojee.

4. Tuanze na nini

Picha za Landsat ziko bure tangu 2008. Zile za Sentinel-2 ya Ulaya, yenye chaneli 13, ziko bure pia. Satelite yake ya kwanza ilipanda mwaka wa 2015, na chaneli zake nzuri zinaonyesha mraba wa mita 10. Kinshasa kuna OSFAC, inayofanya kazi na kusambaza picha za satelite za misitu yetu. Mwanafunzi anayetafuta kichwa cha memware asiseme hakuna data.

Ambaye hana intaneti ya kutosha aanze na jani la muhogo. Chagua lenye mozaiki, lenye madoa ya manjano. Lipige picha kivulini, juu ya karatasi nyeupe, kisha fungua chaneli nyekundu peke yake. Manjano ina nyekundu nyingi, kijani cha jani ina kidogo: madoa yatang'aa, sehemu nzima zitabaki giza. Fungua kisha chaneli ya kijani, utaona tofauti inapungua. Kwa kulinganisha jani na jani, piga zote kwa saa moja na kwa mwanga mmoja, sababu telefone inajirekebishia rangi bila kukuuliza. Na musitafute infraruji humo: telefone nyingi ziko na kioo kinachoizuia.

Mukifanya zoezi hili kijijini, muonyeshe wazee na vijana zile picha tatu za kijivu kabla ya ile ya rangi. Siku karta ingine itabandikwa ukutani, watajua cha kuuliza.