Hati ya Msowero, Damu ya Pugu

Katika siasa za Tanzania, kiongozi akishukiwa kusaini mkataba mbovu, haipiti muda kabla hajaitwa Mangungo. Jina la mtawala wa Msowero, katika Kilosa ya leo, limegeuka tusi: mtu aliyegawa nchi yake kwa zawadi za njiani, akatia alama kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Nadhani kicheko hicho kimemwangukia asiyestahili. Hati ya tarehe 29 Novemba 1884 ilimhitaji Mangungo kama shahidi tu. Waliokusudiwa kuisoma walikuwa Berlin: watu wenye fedha za kuwekeza, na serikali yenye manowari. Ukiisoma kwa macho hayo, Carl Peters wa vitabu vya shule, Mjerumani aliyeileta hati hiyo, anaonekana kuwa kitu ambacho wakazi wa Dar es Salaam wanakifahamu vizuri zaidi kuliko neno mkoloni, yaani tapeli wa uwekezaji. Na damu iliyomwagika baadaye, ikiwemo ile ya Pugu, huko iendako barabara inayokatiza Kipawa jijini Dar es Salaam, inaingia katika hesabu za utapeli huo.

Peters alizaliwa 1856, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, akasomea historia hadi udaktari. Aliishi kwa muda London kwa mjomba wake, na huko ndiko alikojifunza kwamba Mwingereza wa kawaida anaweza kutajirika kwa nchi asiyowahi kuikanyaga. Machi 1884 alianzisha Berlin Chama cha Ukoloni wa Kijerumani na kuanza kuchangisha fedha. Chama kilikuwa na katiba, kamati na mweka hazina, lakini hakikuwa na hata shamba moja. Viongozi wake walitaja kwanza sehemu za kusini mwa Afrika, kisha wakageukia mashariki, maana waliochanga walikuwa wakingoja na lazima kipatikane cha kuwaonyesha. Novemba mwaka huo Peters na wenzake watatu walitua Unguja, wakiwa wamesafiri kwa majina ya bandia. Konsuli wa Ujerumani akawapa ujumbe wa serikali yao: wasitegemee ulinzi wowote. Wakavuka hadi Saadani, wakapita mbio Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na kabla ya Krismasi Peters alikuwa amerudi Unguja na hati kama kumi na mbili mkononi. Eneo lililodaiwa kununuliwa lilikuwa kama kilomita za mraba 140,000. Kwa wiki zile tano au sita, msafara wa miguu usingeweza hata kulizunguka, seuze kulijua.

Ushahidi mkubwa zaidi umo ndani ya hati yenyewe. Ile ya Msowero inadai kwamba Mangungo aliulizwa waziwazi, akajibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na zaidi ya hapo, kwamba hata hajui kama Sultani huyo yupo. Hebu fikiria. Misafara ya pwani ilikuwa ikipita Usagara kwa miongo mingi, ikibeba bendera nyekundu ya Unguja, na Sultani Barghash alikuwa na kikosi cha askari Mamboya, humo humo Usagara. Mtawala wa Msowero asingeweza kukosa kulisikia jina hilo, na hata kama angetaka kulikana, kulikuwa na faida gani kwake kuitangaza habari hiyo? Faida ilikuwa ya Peters. Berlin ilitaka kusikia kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe mkubwa, ili isionekane imeporwa kutoka kwa dola linalotambuliwa na Uingereza. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake hati ya ulinzi ya Kaisari ikatiwa saini, na karatasi za porini zikawa mali yenye muhuri wa dola.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipoanza, na mapema ikaonekana kuwa haina mtaji. Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoundwa kuzimiliki haki hizo, ilianzisha vituo visivyozalisha kitu, ikatumia kingi na kuingiza kidogo. Karl von der Heydt, mwenye benki wa Elberfeld, akatia fedha zake. Mwaka 1887 kampuni ikaundwa upya, na marki 500,000 za Kaisari zikaingia kupitia benki ya serikali ya Prussia. Msomaji aliyekuwa Dar es Salaam mwaka 2009, mpango wa upatu wa DECI wa Mabibo ulipoporomoka na watu wakabaki wakiulizia mbegu, yaani fedha, walizopanda, ataitambua hali hiyo: fedha ya anayekuja inafunika pengo la aliyetangulia, na jina kubwa likishaingia, wadogo hawaulizi tena.

Atasema mtu kwamba nanyoosha mambo kupita kiasi. Tapeli huuza kitu kisichokuwepo, na Ujerumani ilipata koloni kweli. Tena Peters aliamini alichokisema, na wenye hisa hawakuibiwa, kwa kuwa kampuni ilidumu na kulima mashamba kwa miaka mingi. Hoja hiyo ni nzito, na sehemu yake ni kweli. Lakini utapeli hupimwa siku ya mauzo. Mwaka 1885 kilichouzwa Berlin kilikuwa enzi juu ya watu ambao hawakuwa na habari kwamba wametawaliwa, na imani ya muuzaji haimpi mnunuzi kile ambacho hakikuwepo. Kwa kawaida mpango wa namna hii huvunjika siku ya malipo. Huu haukuvunjika kwa sababu manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash mnamo Agosti 1885, akalazimika kumeza malalamiko yake. Kwamba wenye hisa hawakupoteza hakufuti udanganyifu. Kunatuelekeza tu kuuliza hasara ilihamia kwa nani.

Ilihamia pwani. Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, aliikodisha kampuni ukanda wa pwani pamoja na ushuru wake, na tarehe 16 Agosti maafisa wa kampuni wakaanza kazi. Pangani, mmoja wao, Emil von Zelewski, aliidharau bendera ya Sultani mbele ya watu. Ila kwangu mimi kuna jambo zito kuliko bendera: kanuni mpya zilimtaka kila mwenye ardhi aiandikishe na kuonyesha uthibitisho, na isiyothibitishwa ingekuwa ya kampuni. Kampuni iliyojipatia nchi kwa karatasi za mwendo wa mbio ikawadai wenye minazi ya mababu walete karatasi. Kipawa, ambako watu walihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, hakuna haja ya kueleza uzito wa dai hilo. Pwani ililipuka. Septemba maafisa wawili wa kampuni waliuawa Kilwa. Abushiri bin Salim akaongoza vita upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Na tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji waliishambulia misheni ya Wabenedikti Pugu, iliyokuwa bado changa. Mabradha wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fedha.

Hapa kuna pingamizi la pili. Kansela Bismarck alilieleza Bunge lake kwamba vita hii ni ya wafanyabiashara wa watumwa, na Pugu inampa kaushahidi, kwani misheni ile ilikuwa ikiwapokea watumwa waliokombolewa. Ni kweli pia kwamba Abushiri alikuwa mwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na sina sababu ya kumpamba. Hata hivyo biashara hiyo ilikuwa imebanwa tangu mkataba wa Barghash na Waingereza wa 1873, na pwani haikuinuka kwa pamoja namna hii. Iliinuka ndani ya wiki chache baada ya kampuni kushika forodha, kuanzia Tanga hadi Lindi, na wapiganaji wengi hawakuwa na mtumwa wala shamba la miwa. Wamisionari wa Pugu hawakuwa na hisa. Walikuwa na bahati mbaya ya kuonekana Wajerumani katika mwaka ambao Mjerumani alikuwa jina la mdai.

Tarehe 30 Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni mbili, Hermann von Wissmann akaja na jeshi la kukodi, na Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Kisha hesabu zikafungwa kwa namna ambayo tapeli yeyote angeitamani. Kwa makubaliano ya Novemba 1890 dola lilichukua utawala, kampuni ikabaki na mashamba na haki kadhaa, na ikahakikishiwa marki 600,000 kila mwaka kutoka ushuru wa forodha ili kulipia mkopo wake, ambao ndani yake zilitoka marki milioni nne za kumlipa Sultani. Kwa maneno mengine, kila robota la nguo na kila pembe iliyopita Bagamoyo au Dar es Salaam ilichangia kuwalipia wenye hisa wa Berlin gharama ya kununua pwani ya wachangiaji wenyewe.

Peters hakuulizwa juu ya hayo. Akiwa kamishna Kilimanjaro aliwanyonga Mabruk, mtumishi wake, na Jagodia, msichana aliyekuwa akimweka nyumbani kwake. Watu wakamwita Mkono wa Damu. Mbunge August Bebel alilifichua jambo hilo bungeni mwaka 1896, na mwaka uliofuata mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters katika utumishi. Kosa lilikuwa kunyonga na kutoa taarifa za uongo. Hati za 1884 hazikuwa sehemu ya kesi. Alihamia London, akaunda kampuni ya kutafuta dhahabu ya Ofiri ya Mfalme Sulemani, ambayo kwa hesabu zake ilikuwa kati ya Zambezi na Save, na wanunuzi wa hisa walipatikana.