Maudhui ya Tovuti ya Biashara Ndogo: Taarifa Zinazomjengea Mteja Imani

Na Mwandishi Wetu

Mteja anayeingia dukani Kariakoo huishika bidhaa, huuliza bei, hupatana na muuzaji na huondoka na risiti. Mteja aliyeko Sumbawanga anayeperuzi tovuti kwa simu ya mkononi hana nafasi hiyo. Ana maneno na picha tu, na kwa hayo anatakiwa aamue kutuma fedha kwa mtu asiyemfahamu.

Uamuzi huo umekuwa mgumu zaidi kwa sababu ya matapeli wanaotumia picha za kuazima, bei za kuvutia na namba za simu zinazozimwa baada ya malipo. Mfanyabiashara mwaminifu ambaye tovuti yake haitaji jina, mahali, vipimo wala masharti ya mauzo hufanana na matapeli hao machoni pa mteja. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya maudhui ya tovuti ni kutoa taarifa ambazo mteja anaweza kuzihakiki; kuisifia bidhaa hufuata baadaye.

Makala haya yanafafanua taarifa hizo kwa kutumia mfano wa mjasiriamali anayefungasha asali mkoani Tabora.

Kujitambulisha kikamilifu

Ukurasa wa mwanzo unapaswa kueleza kwa sentensi moja au mbili biashara ni ipi, inauza nini na inapatikana wapi. Jina lililoandikwa liwe lile lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), likiambatana na namba ya usajili, mtaa, wilaya, namba ya simu inayopokelewa na saa za kazi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina masharti ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia ya mtandao, ikiwemo wajibu wa muuzaji kujitambulisha na kumpa mnunuzi nafasi ya kupitia oda yake kabla ya kuikamilisha. Ni vyema mfanyabiashara akayazingatia masharti hayo tangu tovuti inapoandaliwa.

Kueleza bidhaa kwa vipimo

Sentensi kama "Tunauza asali bora yenye viwango vya kimataifa" haimsaidii mteja, kwa kuwa kila muuzaji anaweza kuiandika. Maelezo yenye manufaa hutaja aina, asili, ujazo na tarehe: "Asali ya nyuki wakubwa kutoka misitu ya miombo ya Sikonge, iliyochujwa bila kuchemshwa, uzito halisi kilo 1, imefungashwa Juni."

Kipimo kinahitaji uangalifu. Lita 1 ya asali huwa na uzito wa takriban kilo 1.4. Mteja anayelinganisha bei ya lita kwa muuzaji mmoja na bei ya kilo kwa muuzaji mwingine anaweza kudhani amepunjwa, au akapunjwa kweli. Vivyo hivyo, asali ya nyuki wadogo huwa nyepesi na yenye uchachu kidogo. Asiyeelezwa mapema anaweza kuipokea na kudhani imeongezwa maji.

Maneno yanayotumika yawe yale ambayo wateja wenyewe huyatumia wanapotafuta bidhaa mtandaoni. Mtu anayeandika "bei ya asali ya nyuki wadogo" ataifikia kwa urahisi zaidi tovuti yenye maneno hayo kuliko ile iliyoandika "mazao bora ya nyuki" pekee.

Bei, malipo na usafirishaji

Kuficha bei kwa kuandika "wasiliana nasi" humfanya mteja ahisi kwamba bei itapangwa kwa kumwangalia sura. Bei iandikwe kwa shilingi, kwa kila ujazo, na ielezwe iwapo imejumuisha kodi na gharama za usafiri. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kunukuu bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa miamala iliyoruhusiwa.

Kwa upande wa malipo, tovuti itaje namba ya malipo pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha muamala. Jina likitofautiana na lile la biashara, mteja makini husitisha malipo, na ana haki ya kufanya hivyo.

Kuhusu usafirishaji, ielezwe mzigo unatumwa kwa njia gani, siku zipi, nani analipa nauli, na nini kitafanyika chupa ikivunjika njiani. Masharti ya kurejesha bidhaa au fedha yawekwe wazi kabla ya malipo.

Kujibu mashaka ya mteja

Kila biashara ina maswali yanayojirudia kwenye simu. Maswali hayo ndiyo yanayopaswa kujibiwa kwenye tovuti.

Kwa muuza asali, swali kubwa huhusu kuganda. Mteja wa Njombe au Mbeya, ambako kuna baridi, anaweza kukuta asali imeganda na kuamini imechanganywa na sukari. Ukweli ni kwamba asali huganda kiasili kwa sababu glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe. Kuweka chupa kwenye maji ya vuguvugu huirejesha katika hali ya umajimaji. Hata hivyo, mfanyabiashara asidai kwamba kuganda ni uthibitisho wa usafi, kwani dalili hiyo peke yake haithibitishi lolote.

Tahadhari za kiafya ziandikwe bila kuogopa kupoteza mauzo. Mtoto mwenye umri chini ya mwaka 1 hapaswi kupewa asali, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyosababisha ugonjwa hatari kwa watoto wachanga.

Picha halisi na nyepesi

Picha ziwe za bidhaa inayouzwa, zikionesha lebo na ukubwa wake. Picha moja iliyopigwa kwa simu janja inaweza kufikia megabaiti 4. Ukurasa wenye picha 20 za namna hiyo utamla mteja megabaiti 80 za kifurushi chake, na wengi watauacha kabla haujafunguka. Picha zikipunguzwa hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja, ukurasa huohuo hautazidi megabaiti 4.

Madai yanayoweza kuthibitishwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mienendo ya kumpotosha mlaji katika biashara. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) iwekwe kwa bidhaa iliyopewa leseni ya kuitumia pekee. Madai kwamba chakula kinatibu magonjwa yaepukwe, kwani yanaweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

Maoni ya wateja yawe ya kweli na yachapishwe kwa ridhaa yao.

Kulinda taarifa za wateja

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu pia wafanyabiashara wanaokusanya majina, namba za simu na anwani za wateja kupitia tovuti. Tovuti ieleze taarifa zipi zinakusanywa, kwa madhumuni gani, na nani anaziona. Mfanyabiashara akusanye zile tu anazozihitaji, na afuate utaratibu wa usajili wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Umiliki na uhuishaji

Jina la tovuti, kwa mfano linaloishia na .co.tz, lisajiliwe kwa jina la biashara au la mmiliki, wala si la fundi aliyeitengeneza. Nywila zote zihifadhiwe na mmiliki. Uhusiano na fundi ukivunjika, biashara isiyo na umiliki huo inaweza kupoteza tovuti pamoja na wateja walioizoea.

Bei iliyopitwa na wakati au bidhaa iliyokwisha huharibu imani iliyojengwa kwa muda mrefu. Inashauriwa tovuti ipitiwe angalau mara moja kwa mwezi, na tarehe ya mwisho ya kuhuisha bei ioneshwe.

Kwa upande wao, wananchi wanaonunua mtandaoni wanashauriwa kutafuta taarifa hizihizi kabla ya kulipa: jina lililosajiliwa, mahali biashara ilipo, bei kamili, masharti ya kurejesha na jina linalolingana na namba ya malipo. Zinapokosekana, ni busara kuuliza kwanza na kutuma fedha baadaye.